Ukienda Wat Phou, lala Champasak

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiamini tiketi. Ilikuwa imeandikwa Champasak, basi nikatulia kwenye gari nikisubiri kufika Champasak. Dereva akasimama njia panda, akanishushia begi, akanyoosha kidole kuelekea magharibi, akaondoka zake. Jua la saa sita, barabara kuu namba 13, na mimi na begi langu.

Kumbe Champasak ni jina la mkoa mzima huko kusini mwa Laos, na pia ni jina la kimji kimoja kando ya mto Mekong. Barabara kuu inapita mashariki ya mto. Kimji na hekalu la Wat Phou viko magharibi. Pale nilipoachwa panaitwa Lak 30, maana yake kilomita 30 kutoka Pakse, mji mkubwa wa mkoa. Kwa hiyo ukiwa Pakse usiulize tu "Champasak?" Uliza gari linalopita magharibi ya mto. Utapanda songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, ambayo Mswahili aliyezikuta zile chai maharage za Dar atajiona yuko nyumbani, mpaka kuku miguuni.

Ila sijutii sana. Kutoka Lak 30 nilifika mtoni, nikavushwa kwa chombo ambacho sikuwahi kukiona: mitumbwi miwili imefungwa ubavu kwa ubavu, juu yake sakafu ya mbao, na juu ya sakafu pikipiki, magunia na sisi.

Sasa ushauri wenyewe. Wageni wengi hulala Pakse, wanakuja Wat Phou mchana, wanazunguka kwa saa mbili, wanarudi wakisema hekalu ni dogo ukilinganisha na Angkor, yale mahekalu makubwa ya Kambodia. Ni kweli ni dogo. Lakini wamelikuta saa saba mchana, mawe yanachoma kama kikaango, na hakuna mtu anayepanda ngazi zile kwa furaha saa hiyo. Lala kwenye kimji, ni kilomita chache tu kutoka hekaluni. Kodi baiskeli jioni, na asubuhi uwe mlangoni kunapofunguliwa. Hekalu linatazama mashariki, na jua la asubuhi linaingia mbele yake moja kwa moja kutoka upande wa mto.

Ukifika, usianze na picha. Tazama mlima kwanza. Unaitwa Phou Kao, na kileleni una jiwe lililochomoza lenyewe, ambalo watu wa kale waliliona kuwa ni linga, alama ya Shiva, mungu wa Kihindu. Mlima ndio ulioanza kuwa mtakatifu, hekalu likafuata. Pamekuwa mahali pa ibada tangu karne ya 5, ingawa majengo mengi unayoyaona ni ya Wakhmer wa karne ya 11 hadi ya 13, wale wale waliojenga Angkor. UNESCO walipoliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, hawakuchukua hekalu peke yake, walichukua mandhari yote kuanzia mlimani hadi mtoni.

Njia inapita kati ya mabwawa na majumba mawili ya mawe, halafu inaanza kupanda. Miti ya champa imeinama pande zote mbili, na maua yake meupe yanadondoka juu ya ngazi. Ngazi zenyewe ni za kuheshimu: mawe yamelika, mengine yamelala upande. Nilipanda kwa mikono na miguu bila aibu. Juu kuna chumba kitakatifu, sasa ni cha Wabudha, lakini juu ya milango bado wamo miungu ya Kihindu, Indra akiwa juu ya tembo wake.

Wengi wanaishia hapo. Wewe zunguka nyuma, chini ya jabali. Kuna chemchemi inayodondoka tone kwa tone. Zamani maji yake yalipitishwa kwenye mfereji wa mawe hadi ndani ya kile chumba kitakatifu, yakaliosha linga lililokuwamo mchana na usiku. Nilimkuta bibi mmoja akikinga chupa ya soda, ametulia kama mtu anayesubiri zamu bombani. Ilipojaa alinawa uso, akaniashiria nami ninawe.

Mavazi: funika mabega na magoti, vua viatu kabla ya kuingia penye sanamu ya Buddha. Nilijifunga kanga, na hiyo ilinifungulia milango kuliko maneno. Wanawake wa Laos wanavaa sinh, sketi ya kufunga yenye pindo lililofumwa, kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni aliishika kanga yangu, akageuza pindo, akapitisha kidole kwenye maandishi. Kumweleza jina la kanga kwa ishara ndiko kulikonishinda. Mwanamke wa makamo muite *mae*, yaani mama. Ukimwita hivyo anakujibu kama mama.

Chakula hakina shida kwa mla ugali. Wali wao unanata, unakuja kwenye kikapu cha mianzi, unamega, unafinyanga tonge, unachovya. Kwa Waislamu: nguruwe yupo kwenye mapishi mengi, uliza kabla, au agiza samaki wa kuchoma. Saladi ya papai bichi nilionywa kuhusu pilipili. Sikusikia.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Machi na Aprili ni joto na moshi wa mashamba. Beba noti za kip, usitegemee kadi. Na ukizurura nje ya kimji, hasa uwanda wa Bolaven kwenye mashamba ya kahawa, fuata njia zinazotumiwa. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliangusha zaidi ya tani milioni 2 za mabomu Laos, na mengine bado yamo ardhini hayajalipuka.

Kurudi Pakse nilipanda songthaew palepale barabarani mbele ya nyumba. Tiketi hakuna. Unashuka, unamlipa mke wa dereva, anakurudishia chenji kutoka kwenye kikapu cha wali.