Nilimfungia Kaka Yangu Kwenye Stoo ya Kahawa

Juzi usiku, saa nne kasoro, ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa binti mmoja wa Uru, huku kwetu Kilimanjaro. Kaniruhusu niutumie bila kumtaja jina. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Baba yetu anakunywa kila siku na harusi ya mdogo wangu imebaki wiki tatu. Tumekubaliana na kaka zangu tumfungie ndani mpaka pombe imtoke. Ikishindikana, kuna dawa ya unga tumeelekezwa tumwekee kwenye chai bila yeye kujua. Wewe ni nesi, ipi ni salama?"

Nilimpigia palepale. Maneno yale nilikuwa nayajua, maana niliwahi kuyasema mwenyewe Desemba 2018, nyumbani kwetu Kibosho, nimekaa mbele ya baba mdogo na wazee wawili wa ukoo. Wote waliitikia kwa vichwa. Mimi ndiye nesi wa familia, nani angenipinga?

Nianze na kaka. Alianza kunywa kama wengi wetu huku mlimani wanavyoanza, nyumbani, mbele ya wazazi. Mbege kwetu ni zaidi ya kinywaji. Ndizi mbivu zinachemshwa, ulezi unaoteshwa na kusagwa, gamba la msesewe linatia uchungu wake, na kikiiva ndicho kinachofungua posa na ndicho kinachoombea msamaha. Mtoto anaonjeshwa kwenye kata watu wakicheka. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anahesabu kaka amekunywa kiasi gani, hata mimi. Alipopata bodaboda na kushuka Moshi mjini, akahamia kwenye viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vinavyokaa mfuko wa shati kama peremende. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 1, 2017, nilishangilia kazini mpaka wenzangu wakanishangaa. Nilidhani kaka yangu amepona kwa tangazo. Mwezi haukuisha, akawa anakunywa gongo.

Pikipiki ikauzwa. Kufikia mwisho wa 2018 alikuwa anaamka alfajiri mikono inatetemeka, hawezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga, mpaka azimue, yaani anywe kwanza ile pombe ya asubuhi. Akizimua, mikono inatulia na anakuwa kaka yangu tena kwa saa mbili tatu. Mimi, mwenye cheti ukutani, niliiona ile kuzimua ni ukaidi wa mlevi. Ilikuwa dalili, tena dalili iliyokuwa inanipigia kelele kila asubuhi.

Tulimfungia tarehe 27, mara baada ya Krismasi. Stoo ina dirisha dogo na mlango wa mninga. Tulitoa magunia ya kahawa, tukaweka godoro, ndoo, na chupa ya uji. Ufunguo niliuvaa shingoni kwa kamba ya kitambulisho changu cha kazi. Usiku wa kwanza alitoka jasho mpaka godoro likalowa, akatapika uji wote. Alikuja mlangoni akasema, "Mdogo wangu, nipe hata kifuniko kimoja tu." Nikamjibu, "Mungu atakusaidia, kaka." Nilikwenda kulala nikiwa na fahari moyoni. Naiandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Usiku wa pili, kama saa thelathini tangu anywe mara ya mwisho, tukasikia kishindo. Tulimkuta chini amekakamaa, macho yamegeuka, povu na damu ya ulimi mdomoni. Wazee wakasema ni kifafa, mwingine akasema amerogwa, tukaombea. Wifi yangu ndiye peke yake aliyesema tumpeleke hospitali, na mimi nikamwambia tusubiri kupambazuke. Asubuhi alikuwa anaokota siafu kwenye blanketi lisilo na siafu, na anaongea na mama. Mama yetu alifariki 2011.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, pengine hata miaka thelathini hajafika. Aliuliza swali moja, "Alikunywa lini mara ya mwisho?" Nikasema kwa sauti ya mtu aliyefanya jema: tumemfungia, leo siku ya tatu. Hakunigombeza. Aliandika, akaagiza diazepam ya kumtuliza, akaagiza vitamini B1 ya sindano itangulie kabla ya dripu ya glukosi, kisha akasema taratibu, "Sista, mngempoteza."

Alichonieleza baadaye kwenye korido ningepaswa kukijua. Pombe hupooza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujikaza, huongeza moto wake ili abaki macho na aweze kutembea. Ukimwondolea pombe ghafla, ule moto unabaki bila wa kuuzuia. Kutetemeka, jasho na kutapika huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Mtukutiko wa mwili, ule unaofanana na kifafa, huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Kuweweseka, kuona vitu, homa na moyo kwenda mbio huja siku ya pili hadi ya nne, na hapo watu hufa. Na ile B1, mlevi asiyekula vizuri anakuwa amekaukiwa nayo, ukimpa sukari ya mshipani kwanza ubongo unaweza kuumia zaidi. Nilifikiria walevi wote niliowatundikia glukosi nikiwa zamu ya usiku, bila kuwauliza lolote.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Uru, na wewe mwingine unayesoma huku ufunguo uko mkononi: usimfungie mtu anayezimua asubuhi. Usimfungie.

Siku ya sita aliruhusiwa. Tulipewa karatasi yenye mstari mmoja: aende kliniki ya afya ya akili. Haikuwa na siku, haikuwa na chumba, hakuna aliyetuambia tukifika tumuulize nani. Wifi aliikunja akaichomeka nyuma ya picha ya Bikira Maria sebuleni, na pale ikakaa. Kwetu kwenda kliniki ile ni kukubali kuitwa chizi, na kaka alisema wazi kwamba afadhali aitwe mlevi, kwani walevi wako wengi. Hospitali ile iliokoa maisha yake na sitaacha kuishukuru. Lakini ile karatasi bado inaniuma. Ilikuwa ni kama kumwambia mtu aliyevunjika mguu kwamba daktari wa mifupa yuko ng'ambo ya mto, akipenda aende. Pasaka haikufika, alikuwa kilabuni.

Miezi iliyofuata siisimulii.

Novemba 2019 alianguka kwenye mfereji usiku akapasuka kichwa. Nilipomaliza kumsafisha kidonda sikumpa karatasi. Nilimwambia kesho siendi kazini, tunakwenda wote. Tulikaa kwenye benchi la mbao kuanzia saa mbili mpaka saa tano. Mara mbili aliinuka kuondoka na mara mbili nilimshika koti, bila kusema neno. Mama mmoja mshauri akatuita ndani, akamuuliza maswali kumi, yale ya Shirika la Afya Duniani yanayoitwa AUDIT. Unakunywa mara ngapi, ukikaa unakunywa kiasi gani, umewahi kushindwa kuacha ukishaanza. Swali la sita ni kuzimua kwenyewe: umewahi kuhitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuanza siku? La kumi linauliza kama kuna ndugu au mhudumu wa afya aliyewahi kuonyesha wasiwasi juu ya unywaji wako. Kaka aligeuka akanitazama mimi kwa muda mrefu, kisha akamjibu yule mama, "Yupo."

Alama nane kwenda juu ni unywaji wa hatari, ishirini kwenda juu mtu anastahili kuangaliwa na mtaalamu kwa kina. Kaka alipata 31. Alilazwa, akashushwa taratibu kwa dawa, akaanza kurudi kliniki kila mwezi. Miezi saba ya kwanza nilikwenda naye kila safari, hata siku nilizotoka zamu ya usiku. Alirudia kunywa mara mbili na mara zote mbili alinipigia mwenyewe. Krismasi iliyopita alikaa kwenye duara la wanaume, kata ikapita mbele yake mikono mingapi sijui, na yeye mkononi ana soda. Nilitoka nje nikalia nyuma ya migomba.

Wenzangu wa kada ya afya, hapa nazungumza nanyi, na sitapamba maneno. Karatasi peke yake haimfikishi mgonjwa kliniki. Inuka, mshike mkono, umvushe korido. Kama kliniki iko mji mwingine, piga simu akiwa amekaa mbele yako, muulizie siku na saa, mwandikie jina la mtu atakayempokea, na umtafute ndugu wa kwenda naye. Pale ninapofanya kazi sasa kila mgonjwa wa kidonda, wa presha, wa TB, namuuliza maswali yale kumi, na wale ninaowapeleka nawaandika kwenye daftari langu. Daftari la kwanza limejaa. Wapo waliokuwa wananicheka na sasa wananiletea wagonjwa wao. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna wauguzi waliofundishwa kuzungumza na majeruhi wa ajali palepale idara ya dharura, mazungumzo mafupi, kisha ujumbe wa simu unamfuata mtu nyumbani. Mpango huo wameuita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Napenda wazo lile, kwa sababu siku mtu ameshonwa nyuzi usoni, anasikia.

Na tuache kudanganyana kwa "nakunywa mbili tu". Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Kipimo kimoja kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 10. Mbili zako ni nne. Gongo haina hata lebo, kwa hiyo hesabu ya kwako ni ya kubahatisha. Januari 2023 shirika hilohilo lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na watu wangu wanasema wazungu wanatuonea wivu mbege yetu. Hapana. Ini halijui kabila.

Familia nyingi huniuliza kama ile dawa ya methadoni inayotolewa Muhimbili, Dar es Salaam, na Itega, Dodoma, inafaa. Methadoni ni ya waraibu wa heroini, haitibu pombe. Na ule unga wa kwenye chai? Kama ni disulfiramu, dawa ya hospitali ya kumsaidia mtu asirudie pombe, inauzuia mwili kumalizia kuisaga pombe, na mtu akinywa juu yake uso unawaka, moyo unakimbia, anatapika, presha inaweza kuporomoka. Hutolewa kwa mtu anayejua, aliyekubali, na aliyeacha kunywa kwanza. Mzee wa moyo au wa ini ukimwekea kwa siri unaweza kumzika kabla ya harusi. Na kama si disulfiramu, basi hata aliyewauzia hajui ni nini. Nendeni naye, ndugu zangu. Usimfungie, usimwekee, nenda naye.

Yule binti nilimwambia yote haya kwa simu mpaka salio likaisha, akanipigia yeye. Jana jioni akaniandikia tena. Alikaa na baba yake jikoni, wawili tu, akamuuliza kama angependa kusimama kwenye harusi bila mikono kutetemeka. Mzee alinyamaza sana, halafu akauliza, "Na nitakwenda na nani?"

Miadi yao ya kliniki ni Jumatano. Natoka zamu saa moja na nusu asubuhi, nitawasubiri getini, chumba nakijua na mshauri nimeshaongea naye. Binti aliuliza kama alfajiri ile amnyime kabisa baba yake, ili afike akiwa safi mbele ya daktari. Nimemwambia amwachie azimue kama kawaida yake, aandike saa na kiasi, aje na hicho kikaratasi.