Kupima vijana wa soka bila mashine

Kocha, salaam. Umesema una vijana wa soka hapo Malindi, huna mashine, na umepanga kuwapima ufukweni: mbio za dakika 12 kwanza, kisha kasi na kuruka. Geuza mpangilio huo. Anza na kuruka, halafu mbio za mita 30, na zile za dakika 12 ziwe mwisho kabisa. Ukianza nazo, miguu imekwisha na kasi utakayoandika si kasi yao.

Ufukweni usiwapimie. Mchanga hubadilika kwa maji kupwa na kujaa, leo mgumu kesho unazama, utalinganishaje? Tafuta uwanja mgumu, uupime kwa utepe, uweke alama kila mita 50, ili ujue kila mmoja amefika umbali gani katika zile dakika 12. Saa ya simu yatosha, ila ishikwe na mtu yuleyule kila mara. Rudia baada ya wiki 6 hadi 8, saa ileile, viatu vilevile.

Wapime asubuhi mapema. Joto la msimu wa kaskazi halichezewi. Ramadhani ahirisha tu. Na kabla ya yote waulize: nani ana pumu, nani aliwahi kuzirai au kuumwa kifua akikimbia? Huyo asikimbie hadi daktari amwone, hata kama ndiye mfungaji wako.