Majina ya dawa katika kikagua tahajia cha mradi

Umeuliza namna ya kuzuia Code Spell Checker, kikagua tahajia kinachoongezwa ndani ya kihariri cha msimbo cha Visual Studio Code, isipigie mstari majina ya dawa katika msimbo wa mfumo wenu wa duka la dawa, na iwapo kila mwenzako atalazimika kuyaongeza upya. Hatalazimika, mradi tu maneno hayo msiyaweke katika mipangilio ya mtu binafsi.

Tengenezeni faili la maandishi la kawaida, tuseme dawa.txt, lenye neno moja katika kila mstari. Kisha, ndani ya cspell.json, faili la mipangilio ya kikagua hicho, iliyo kwenye folda kuu ya mradi, litambulisheni kama kamusi chini ya dictionaryDefinitions kwa jina na njia yake, mkiweka addWords kuwa true ili maneno mapya yaweze kuongezwa humo, na mlitaje jina hilo tena chini ya dictionaries. Ukisahau hatua hii ya mwisho, kamusi haitatumika. Mafaili yote mawili yaingie Git, mfumo wa kutunza na kushirikiana msimbo, pamoja na msimbo wenyewe, ili kila mwenzako ayapate.

Hamna haja ya kuongeza majina marefu ya vigeu (majina yanayobeba thamani ndani ya msimbo), kwa kuwa kikagua huligawa jina kama doziYaParacetamol katika maneno yake.

Ninalosisitiza zaidi ni uangalifu, kwa sababu neno lililokosewa likishaingia kamusini halitaonywa tena. Mfamasia aisome orodha kabla haijakubaliwa, na makosa yanayojirudia yaandikwe yakitanguliwa na alama ya mshangao, kwa mfano !amoxicilin, ili yakataliwe waziwazi.