Kromosomu "hukunjika" au "hukunjwa" na protini?

SWALI: Naandika kwa Kiswahili muhtasari wa utafiti wangu kuhusu protini zinazoambatana na DNA ya bakteria. Niliandika, "Kromosomu ya bakteria hukunjika na protini." Msimamizi wangu amekata "hukunjika" akaweka "hukunjwa". Je, kuna tofauti? Na niseme "bakteria hizi" au "bakteria hawa"?

JIBU: Kwa sentensi hiyo, msimamizi wako yuko sahihi. Kauli ya kutendwa ("hukunjwa") ndiyo inayompokea mtenda kwa "na". Kauli ya kutendeka ("hukunjika") hueleza hali au uwezekano tu: twasema "mlango umefunguka", hatusemi "mlango umefunguka na Juma".

Lakini usiifute "hukunjika" kazi nzima. Kromosomu ya bakteria aitwaye E. coli ikinyooshwa hufikia takriban milimita 1.5, ilhali seli yenyewe ina urefu wa kama mikromita 2 (milimita 0.002). Isipokunjika, haienei. Na sehemu ya mkunjo huo hutokana na msongamano wa molekuli ndani ya seli, si na protini fulani unayoweza kuitaja. Hapo "hukunjika" inakaa vizuri kabisa.

Linalonisumbua zaidi ni kitenzi "kunja" kubebeshwa kila kitu, wakati protini hizi zina kazi tofauti. Protini iitwayo IHF huishika DNA na kuipinda kwa karibu digrii 160, hata ikaribie kugeuka ilikotoka, andika "hupinda". Nyingine, H-NS, huweza kushikanisha vipande viwili vya DNA, na mara nyingi huzinyamazisha jeni zilizopo hapo, andika "hushikanisha". MukBEF, ambayo ni kundi la protini zinazofanya kazi pamoja, nayo huvuta DNA ikafanya vitanzi virefu. Ukiandika "hukunja" kote, msomaji hatajua ipi inafanya nini, na hilo ndilo utafiti wako unalolichunguza! Ukipenda kutendeka, mpe mtenda kishazi chake: "DNA hupindika IHF inapoishika."

Kuhusu bakteria, wengi huandika "hizi" kwa kufuata umbo la neno. Mimi naandika "hawa", kwa kuwa ni viumbe hai, kama tusemavyo "mbu hawa". Protini na kromosomu zibaki na "hii" na "hizi".

Jambo moja hukuliuliza, ila wanafunzi wengi hulikosea: pale DNA ya bakteria inapokaa pasiitwe "kiini". Kiini cha seli kina utando wake, na bakteria hawana. Andika "nukleoidi".