St. Anton: bei za vinywaji
Dada, umeuliza kama vinywaji vya St. Anton, kijiji cha kuteleza kwenye theluji kule Austria, vitakumaliza mfuko. Kwenye baa za mlimani kama MooserWirt, bia ya nusu lita jiandae kwa euro 7 hivi. Starehe ya kule haingoji usiku: muziki unaanza alasiri, watu wanacheza juu ya meza na viatu vyao vizito vya kuteleza, sakafu imelowa theluji iliyoyeyuka. Onja Glühwein, mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu, unapasha hadi vidole. Ila usizidishe, tafadhali sana! Baa ile iko juu ya kijiji, na mteremko wa kurudi utaushuka gizani. Bia za kunywa chumbani nunua supamaketi, ni nafuu mno.