Ukialikwa Kucheza Softiboli na Wanaume wa Sinagogi

Nimeoa kwa Wayahudi, huku Maryland, na baba mkwe hakunipa nafasi ya kukataa. Kila Aprili timu ya softiboli, mchezo ulio ndugu wa besiboli, ya wanaume wa sinagogi lao hupungukiwa watu, na mkwe mwenye miguu mizima haachwi alale Jumapili asubuhi. Waswahili wenzangu mlioko Marekani, mkialikwa na wakwe, jirani au mtu wa kazini, kubalini tu. Ila mjue mnaingia wapi.

Kabla ya gongo na glavu, shika kalenda. Mechi ni Jumapili kwa sababu Sabato huanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi giza likishaingia, ambayo kiangazi huku ni kama saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo nahodha akiuliza nani yupo, mjibu kufikia Alhamisi. Ijumaa jioni wengi wanazima simu, na udhuru utakaoutuma Jumamosi mchana utasomwa usiku, wakati hakuna tena wa kuziba pengo. Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, hatuchezi. Hiyo haihitaji rabi kuieleza. Mwaka 2025 hatukucheza Agosti 3 pia. Ilikuwa Tisha B'Av, mfungo wa kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu, na nani akimbie juani bila tone la maji?

Softiboli ya mrusho wa polepole hutaka watu kumi uwanjani, na sala yao ya jamaa nayo hutaka kumi. Utani wa hapo utausikia kila wiki. Mimi kwenye sala sihesabiki, uwanjani nahesabika, na nadhani nahodha ananitafuta kuliko rabi anavyowatafuta wao.

Glavu nunua iliyokwisha kutumika, maana mpya ni ngumu kama ubao na mpira unaidunda na kutoka. Aliyecheza raunda shuleni Kenya ana mwanzo mzuri wa kupiga. Kinachomshinda mgeni ni subira: mrushaji lazima aupandishe mpira angalau futi 6 kutoka chini, nawe ukiuona unaelea hivyo mikono inawasha. Ukiupiga ungali juu, utapaa na kudakwa kirahisi. Ngoja ushuke usawa wa kitovu, uuchape chini, upite katikati ya watu.

Kisha kimbia. Kituo cha kwanza, yaani alama ya kwanza unayoikimbilia ukishapiga, kipite moja kwa moja, sheria inaruhusu. Wanaofunga breki juu yake ndio wanaochanika misuli ya nyuma ya paja, na timu yetu ina wazee waliopita miaka sitini wanaojiona barobaro. Watu hao wakifika kituoni salama, omba nahodha amweke kijana awakimbilie vituo vilivyobaki, ligi ikiruhusu. Usiwaombee wao wenyewe wakisikia. Watakununia hadi Juni.

Chakula: maandazi ya nyumbani kwako yaache, hata yawe matamu vipi. Wanaoshika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, hawatayala, kwa kuwa jiko lako si la kosher, na watapata shida kukwambia. Beba machungwa au ndizi nzima, ambazo hazijaguswa na kisu, pamoja na maji ya chupa yaliyofungwa. Beba mengi. Julai ya Maryland ina fukuto la Dar es Salaam, bila upepo wa bahari.