Utabiri wa wiki nzima: siku ipi niiamini, na haya mawimbi bila upepo yanatoka wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Tuko jamii ndogo ya pwani, wengi tunatoka na boti ndogo. Utabiri wa wiki ulisema Jumapili ijayo mvua, leo Jumatatu ukabadilika ukasema itakuwa jua. Alhamisi wameweka mvua asilimia 40. Ijumaa ndo sielewi kabisa, upepo knoti 8 tu (kama kilomita 15 kwa saa) lakini mawimbi mita 1.5 sekunde 14. Tutoke au tusitoke?

JIBU: Nzuri ndugu, na umefanya vizuri kuuliza mapema, maana hiyo Ijumaa ndo inanitia wasiwasi kuliko hiyo mvua.

Nianze na Jumapili. Kompyuta haipigi hesabu mara moja tu, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kwa mfano kinaendesha modeli (programu inayokokotoa hali ya hewa ijayo) mara 51, kila mara wanabadilisha kidogo hali ya kuanzia, alafu wanaangalia majibu yanakubaliana kiasi gani. Siku mbili tatu za mwanzo huwa yanakaribiana, ikifika siku ya sita au saba yanatawanyika, kwahiyo apu ikikuonyesha picha moja ya jua au mvua ya Jumapili imekuchagulia jibu moja tu kati ya mengi. Panga kazi kwa siku tatu za kwanza, za mbele zichukulie kama mwelekeo na ucheki tena kila asubuhi.

Asilimia 40 maana yake ukichukua siku 10 zenye hali kama hiyo, kama 4 hivi utapata mvua hapo ulipo. Haisemi itanyesha kubwa wala muda mrefu. Ila kama wametaja radi usitoke mbali, chini ya wingu la radi upepo unaweza kuruka ghafla kutoka knoti 10 hadi 30 na zaidi.

Sasa Ijumaa. Upepo mdogo na mawimbi makubwa vinakaa pamoja bila shida, kwasababu hayo mawimbi hayakutengenezwa na upepo wa kwenu, yametoka kwenye dhoruba ya mbali huko bahari kuu na yanaweza kusafiri karibu kilomita elfu moja kwa siku. Angalia hizo sekunde, yaani muda kati ya kilele kimoja cha wimbi kupita na kinachofuata, watu wengi wanasoma mita peke yake. Wimbi la sekunde 5 kwenye maji ya kina lina urefu wa kama mita 40 kutoka kilele hadi kilele, la sekunde 14 linafika mita 300, na kwa kimo kilekile linabeba nguvu karibu mara tatu. Huko nje hata hulisikii, boti inapanda na kushuka taratibu, likifika kwenye mwamba au fungu la mchanga linapunguza mwendo, linainuka na kuvunjika. Alafu hiyo mita 1.5 ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa, moja moja linaweza kukaribia mita 3.

Na yanakuja kwa makundi, yaani bahari inaweza kutulia dakika kadhaa ukadhani ni shwari ukaingia mlangoni, pale boti zinapopita kati ya miamba au mafungu kwenda nje, ndo kundi linafika. Kwahiyo Ijumaa kabla ya kutoka simameni ufukweni muangalie mlango dakika 20 nzima, sio tano. Epukeni kupita wakati maji yanatoka kwa kasi, hasa kama ni bamvua (siku za mwezi mpya au mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana), maana mkondo ukikutana uso kwa uso na mawimbi yanayoingia wimbi linasimama wima na boti ndogo inageuzwa.

Mimi ningefanya kazi Jumanne na Jumatano, Alhamisi nitoke alfajiri nirudi mapema, Ijumaa boti zikae juu kabisa ya ufukwe, mbali na pale maji yanapofika siku zote. Alhamisi jioni cheki tena, zile sekunde zikishuka hadi 8 na mita zikapungua chini ya 1, hapo tuongee upya.